Chaja za betri za drili na grainda, zijue aina zake kabla hujachomeka

Mafundi wenzangu habari za kazi. Leo nataka tuongelee chaja, maana naona mtu anajinyima miezi anakusanya hela ananunua drili ya betri nzuri kabisa, halafu chaja ikipotea au ikiungua anaokota yoyote inayoingia, betri ikifa ndani ya miezi minne anasema hizi drili za betri ni utapeli bora za waya. Hapana jamani. Betri nyingi nilizoziona zimekufa mapema hazikuuliwa na kazi, zimeuliwa na chaja.

Nianze na kilichotokea kwetu karakana, Keko, Dar es Salaam, ili ujue kwa nini hili jambo nalichukulia serious. Tuna kijana tunafanya naye kazi, ana drili mbili za Kichina zile zinazokuja kwenye boksi la plastiki na bits zake, moja volti 12 nyingine volti 21. Chaja zake zote mbili nyeusi, zile za kuchomeka ukutani kama adapta ya redio, waya mwembamba na pini ya duara mwishoni, ukizilaza mezani pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho. Jioni moja akachukua chaja ya ile 21 akaichomeka kwenye betri ya ile 12, pini ikaingia vizuri kabisa bila kulazimisha, taa ikawaka nyekundu, yeye akaenda kula. Baada ya kama dakika arobaini mzee anayepiga spreyi hapo jirani akaita, "Fundi, mbona pananuka kama plastiki inaungua?" Tunaingia tunakuta betri imevimba mpaka kava limeachia mshono, ukiibonyeza plastiki imekuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na pale kwenye tundu la skrubu unatoka moshi mweupe mwembamba kama uzi. Nikachomoa chaja ukutani, nikaisukuma ile betri kwa ufagio mpaka nje kwenye mchanga, na huko ndiko ikalipuka ikarusha cheche mara mbili. Ndani ya karakana kulikuwa na thina na maranda ya mbao. Kila nikikumbuka naishukuru pua ya yule mzee.

Ukizigeuza zile chaja nyuma, maandishi madogo kabisa, moja imeandikwa OUTPUT 12.6V nyingine OUTPUT 21V. Basi. Tofauti yote ya betri kupona na karakana kuungua iko kwenye ule mstari mmoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla hata ya aina za chaja ni kusoma mgongo wa chaja. Kuna mistari miwili ya maana. INPUT ni umeme inaoutaka kutoka ukutani, OUTPUT ni umeme inaoutoa kwenda kwenye betri, na kwenye OUTPUT kuna namba mbili, volti na ampea. Volti lazima ziendane na betri, hapo hakuna mjadala. Ampea ndio kasi ya kuchaji.

Namba za volti zinachanganya watu sana kwa hiyo ngoja nizifungue. Betri ya lithiamu ndani yake ina seli, vile vya duara vinavyofanana na betri za rimoti ila vikubwa kidogo, nyingi zinaitwa 18650 yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Seli moja ikiwa katikati ya kazi ina kama volti 3.6, ikijaa kabisa ina 4.2. Sasa zidisha. Seli tatu zikijaa ni 12.6, hiyo ndio drili inayoitwa ya 12. Seli nne ni 16.8. Seli tano katikati ni 18 na zikijaa ni 21. Ndio maana betri ya DeWalt inayouzwa Ulaya kama 18V XR na ile inayouzwa Marekani kama 20V MAX ni kitu kile kile, seli tano, huyu kaandika namba ya katikati huyu kaandika ya juu. Na hizi drili za Kichina zilizoandikwa 48VF, 88VF, 128VF, ukifungua betri nyingi unakuta seli tano zile zile au safu mbili za tano tano, na chaja yake nyuma imeandikwa 21V. Usiangalie namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi kwenye drili, angalia chaja iliyokuja nayo.

Sasa tuje kwenye aina.

Ya kwanza ni hiyo ya pini, ile iliyotaka kutuchomea karakana. Ndio ya bei ndogo kuliko zote na ndio iko kwenye mikono ya watu wengi. Kasi yake ndogo, nyingi zinatoa ampea moja au hata nusu, kwa hiyo betri ya 1.5Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) inaweza kula saa mbili mpaka tatu au zaidi. Upole huo wenyewe sio tatizo, betri inapenda kuchajiwa taratibu. Tatizo ni kwamba haina mawasiliano yoyote na betri, waya mbili tu, chanya na hasi, haijui kama betri ina joto wala kama ni ya kwake. Nyingine zina taa ya nyekundu na kijani na zinakata zikijaa, nyingine hazikati sawasawa zinategemea kabodi kadogo ka ulinzi kaliko ndani ya betri, na kama betri ni ya bei chee kale kabodi kanaweza kuwa kabovu au hakapo kabisa. Kama unatumia hii chukua tepu ya rangi, chaja ya 12 na betri zake zote weka tepu ya bluu, ya 21 weka nyekundu, andika na mark pen juu yake. Sisi tulifanya hivyo kesho yake asubuhi. Na usiiache usiku kucha kwenye godoro, wengi wanalala na chaja karibu na mto kwa sababu wanaogopa wizi, mimi naelewa, ila iweke sakafuni kwenye saruji au juu ya tofali, mbali na nguo.

Ya pili ni chaja ya kukalia, ile unayoslaidi betri juu yake, ya kasi ndogo au ya kati. Hapa ndio unaanza kuingia kwenye vifaa vya kazi. Ukiangalia pale betri inapokaa utaona vyuma zaidi ya viwili, vitatu au vinne au zaidi, viwili vinapitisha umeme na vilivyobaki vinaisoma betri, joto lake na aina yake. Kwa Makita ya 18V kuna DC18SD, haina feni, betri ya 3.0Ah inaijaza kwa saa moja hivi na ya 5.0Ah kwa dakika kama 110. Kwa Bosch wamerahisisha, jina lenyewe linakwambia, GAL 18V-20 ni ampea 2, GAL 18V-40 ni ampea 4, mpaka GAL 18V-160 ambayo ni ampea 16. DeWalt DCB115 ni ampea 4. Mimi fundi akiniuliza anunue ipi kama ana betri mbili na kazi za ndani, namwambia hii ya kati, ampea 2 mpaka 4, inatosha kabisa, betri moja iko kazini nyingine iko kwenye chaja, kabla hujamaliza ya kwanza ya pili imejaa.

Ya tatu ni ya haraka, yenye feni. Makita DC18RC ndio inajulikana zaidi, 3.0Ah dakika 22, 5.0Ah dakika 45, na ikimaliza inapiga kamuziki hata ukiwa chumba cha pili unasikia. Ile feni haipoozi chaja tu, inasukuma hewa ipite ndani ya betri yenyewe kwenye vitundu, kwa hiyo usiweke chaja hii sakafuni pale mnapokata mbao au mnaposaga jipsamu, inavuta vumbi lote inalipeleka ndani ya betri. Sisi tunaitundika ukutani usawa wa kifua. Nani anaihitaji? Fundi wa saiti kubwa, anayetumia grainda ya betri au rotari kutoboa zege, zile zinanyonya betri kwa dakika chache. Kama wewe unafunga bawaba na vitasa hela ya tofauti bora uongeze betri moja.

Hapa nieleze kidogo jinsi lithiamu inavyochajiwa maana ukielewa hutasumbuka na taa. Ni kama kujaza dumu la lita 20 bombani. Mwanzo unafungua koki yote, maji yanaingia kwa nguvu, ukikaribia mdomo unapunguza ili yasimwagike. Chaja nzuri inafanya hivyo hivyo, mwanzo inasukuma ampea zake zote mpaka volti zifike kikomo, kisha inashikilia volti pale pale na kupunguza ampea kidogo kidogo mpaka zikaribie sifuri halafu inakata. Ndio maana asilimia 80 za kwanza zinaenda haraka na zile 20 za mwisho zinachelewa, na kwenye baadhi ya chaja za Makita utaona taa nyekundu na kijani zinawaka pamoja, ukiwa na haraka hapo unaweza kuitoa ukaendelea na kazi haina shida yoyote.

Hesabu ya muda ni rahisi, chukua Ah za betri gawanya kwa ampea za chaja, ongeza kidogo kwa ajili ya ule mwisho wa taratibu. Betri 4.0Ah kwenye chaja ya ampea 2 ni saa mbili na kitu. Kama muuzaji anakwambia chaja ya ampea 2 inajaza 4.0Ah kwa nusu saa mwambie asome tena mgongo.

Chaja za mbili kwa pamoja au nne sitazisemea sana, ni kwa kampuni zenye watu wengi, ila uliza kama inachaji zote kwa wakati mmoja au moja baada ya nyingine, maana zipo za namna zote mbili na bei inaweza kukudanganya.

Za zamani za NiCd, yaani betri za nikeli na kadimiamu zilizokuwepo kabla ya lithiamu, hizi nizisemee kwa nguvu. Bado ziko nyingi kwenye mitumba, drili nzito za 12V, 14.4V, 18V. Umoja wa Ulaya waliziondoa kwenye vifaa vya namna hii mwisho wa mwaka 2016 kwa sababu ya kadimiamu ambayo ni sumu, lakini zilizokwisha tengenezwa bado zinazunguka. Seli zake ni volti 1.2 kwa hiyo ya 18V ina seli 15. Chaja zake ziko za aina mbili, ile ya taratibu ambayo haina akili, inachaji saa 14 mpaka 16 na wewe ndiye saa yake ukisahau inaendelea kupika, na ile ya haraka ambayo inasubiri volti za betri zishuke kidogo, maana NiCd ikijaa volti zinashuka kidogo na joto linapanda, chaja ikiona hivyo inajua imejaa inakata. Sasa sikiliza, lithiamu ikijaa volti hazishuki. Ukiweka betri ya lithiamu kwenye chaja ya NiCd, au ukabadilisha seli za ndani ukaweka 18650 halafu ukabaki na chaja ya zamani, ile chaja inasubiri ishara ambayo haitakuja kamwe na inaendelea kusukuma tu. Mafundi wengi wanawabadilishia watu seli, na kazi hiyo ni nzuri inaokoa drili, ila lazima uweke bodi ya ulinzi ya idadi ya seli zako na ubadilishe na chaja pia. Kama fundi anakuwekea seli mpya halafu anakwambia endelea na chaja yako ile ile ya NiCd, chukua betri yako ondoka.

Joto. Kwetu Dar mwezi wa pili hili ni tatizo kuliko watu wanavyodhani. Makita wenyewe wanasema chaji kwenye hali ya hewa ya nyuzi 10 mpaka 40, sasa betri imetoka kwenye grainda moja kwa moja, imekaa juani kwenye bati, ukiiweka kwenye chaja nzuri inakataa, taa nyekundu inawaka inazima, mtu anadhani chaja mbovu anaipiga makofi. Inasubiri ipoe. Kwenye chaja hizo za Makita nyekundu inayotulia ni inachaji, nyekundu inayopepesa ni joto, kijani ikitulia imejaa, nyekundu na kijani zikipepesa kwa kupokezana ni betri mbovu au pale kwenye mguso kuna uchafu. Kwa DeWalt ni tofauti, nyekundu inayopepesa ndio inachaji na ikitulia ndio imejaa, kwa hiyo usitumie akili ya kampuni moja kwenye nyingine. Betri ikiwa na joto itoe iweke kivulini robo saa ndio uirudishe. Usiiweke kwenye friji, nimeona mtu kafanya, unyevu unaingia kwenye vyuma.

Sasa INPUT. Watu wanaletewa zawadi na ndugu zao Marekani au wananunua vitu vya Japani kwenye kontena. Marekani umeme ni volti 120, Japani 100, sisi Tanzania 230 na Kenya 240. Kama mgongo umeandikwa INPUT 100-240V chomeka bila wasiwasi, badilisha plagi tu. Kama umeandikwa 120V peke yake ukichomeka kwenye soketi yetu utasikia paa, harufu, na imeisha. Na usidanganywe na model, DC18RC ya Marekani na DC18RC ya kwetu zina jina moja na sura moja ila umeme tofauti, vivyo hivyo DCB115. Unaweza kutumia transfoma ya kushusha umeme, chaja ya haraka inakula kama wati 240 hivi kwa hiyo chukua transfoma ya wati 500, lakini ukipiga hesabu mara nyingi ni afadhali ununue chaja ya volti 220-240 hapa hapa, betri na drili vinabaki vile vile. Walio na ndugu Dubai au Oman wana bahati, kule volti na plagi ya pini tatu za bapa ni kama zetu, chaja ikitoka dukani huko inaingia moja kwa moja.

Saiti isiyo na umeme. Jenereta ndogo, zile za kuchanganya oili na petroli, volti zake zinapanda na kushuka hasa mtu akizima grainda ghafla. Iwashe kwanza ichanganye, itulie, ndio uchomeke chaja, usiitumie pamoja na mashine ya kuchomelea, na chomoa chaja kabla mafuta hayajaisha maana ikianza kukohoa ndipo inapoua chaja. Ukiwa na sola angalia inveta, kale kainveta kadogo ka wati 200 hakawezi chaja ya haraka, tumia ile ya ampea 2. Betri ya drili ya 18V 5.0Ah ni wati-saa 90, pamoja na upotevu weka kama 110, kwa hiyo betri ya sola ya N100, yaani volti 12 na ampea-saa 100, ambayo hutaki kuimaliza zaidi ya nusu itakujazia kama tano. Zipo pia chaja za kwenye gari, Makita wana DC18SE, zinachomekwa pale pa kuwashia sigara bila inveta kabisa, kwa mafundi wanaozunguka mikoani na pikapu hiyo ni nzuri sana, ila chaji injini ikiwa inaunguruma usije ukalala porini.

Betri ikikaa miezi bila chaji chaja inaweza kukataa kuiona. Mtaani wanaishtua kwa waya kutoka betri nyingine. Pima kwanza na mita, ya seli tano ikiwa chini ya volti 10, yaani chini ya 2 kwa seli, usiishtue, ndani zimeshaharibika na zinaweza kupiga shoti wakati wa kuchaji. Kama hutaitumia muda mrefu iache na taa mbili kati ya nne za kuonyesha chaji, sio imejaa wala tupu.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au kokote, nenda na betri yako. Soma mgongo, INPUT kisha OUTPUT. Hesabu vyuma vya mguso kwenye chaja na ulinganishe na vile vya betri, feki nyingi nilizoshika zina viwili tu pale ambapo orijino ina zaidi, na ni nyepesi mkononi. Mwambie muuzaji aichomeke betri ikiwa imeisha kidogo, subiri dakika kumi mkipiga stori, shika betri na chaja, vuguvugu ni sawa, moto wa kukuondoa mkono rudisha hapo hapo. Halafu kwenye risiti aandike model ya chaja pia na sio "drili moja" tu, ili siku ukirudi nayo imeungua asikwambie hiyo sio ya kwangu.